Mlima Ulioshonwa Angani

Kwenye sebule ya dada yangu, Mjimwema, Songea, kuna mlima unaoelea. Hauna chini. Pale ambapo milima mingine huanzia, huu umekatwa kama mkate, na chini yake kuna hewa tupu ya rangi ya samli. Mwili wake wote umejaa mashimo, safu kwa safu, na ndani ya shimo moja la katikati kuna jicho. Kileleni amekaa mwanamke asiye na uso. Ana sindano ndefu kama mchi wa kinu na uzi wa njano, na anaushona mlima kwenye anga ili usianguke. Upande wa kulia cherehani yenye miguu ya kuku inakimbia. Upande wa kushoto mahindi yameota kutoka mawinguni kuja chini, mizizi juu, na kati ya mabua wananyesha dagaa.

Hiyo ndiyo picha. Naieleza mapema na kwa maneno machache, kwa sababu kuna siku niliieleza kwa maneno mengi na nusura nimharibie dada yangu uzee wake.

Haikutundikwa. Imechorwa juu ya ukuta wenyewe, kutoka sakafuni mpaka kwenye dari, kwa hiyo huwezi kuishusha mgeni akija. Dada alikuwa fundi cherehani tangu nikiwa shule ya msingi. Sare za nusu ya watoto wa mji huu zilipita chini ya sindano yake. Macho yalipokataa kutunga uzi, aliifunika cherehani kitambaa cha kitenge, akaenda kwa mafundi rangi kuwaomba mikebe waliyobakiza. Alianza na ukuta wa choo. Alisema anajifunza, na chooni hakuna anayekaa kukosoa. Akahamia jikoni. Mwaka jana akafika sebuleni.

Mimi nimesoma chuo kikuu, kwa hiyo mtu akifanya jambo lolote nadhani anatibu kidonda. Shemeji alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Nilimuuliza Dada kwa sauti ya upole, ile ya hospitalini, kama picha ni kwa ajili ya marehemu.

"Shemeji yako alipenda kuta nyeupe," akasema. "Nilimvumilia."

Sasa lazima nieleze habari ya msalaba. Jumuiya yao, wale majirani Wakatoliki wanaosali pamoja kila Jumamosi alfajiri, ina nyumba kumi na nne, na husali kwa zamu. Sehemu nyingine zamu hupangwa kwenye karatasi. Kwao hupangwa na barabara yenyewe: inaanzia nyumba ya kwanza karibu na bomba la maji, inakwenda nyumba kwa nyumba mpaka ile iliyo jirani na mashine ya kusaga, kisha inarudi kuanza upya. Kuna msalaba wa mbao, mrefu kama mkono, unaosafiri na zamu. Sala ikiisha, mwenye nyumba huubeba yeye mwenyewe na kuupeleka nyumba inayofuata, wengine wakimsindikiza kwa wimbo, na hapo hukaa wiki nzima mezani. Kanuni ni moja: msalaba ukishaingia ndani ya nyumba, hautoki mpaka sala isaliwe humo.

Zamu ya Dada ilifika wiki chache baada ya kumaliza ukuta. Walikuja na masweta yao na rozari zao, wakakaa, wakainua macho. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kusikia Salamu Maria zikisemwa kwa kasi ile. Chai haikunywewa. Kabla jua halijapanda mtaa ulikuwa umeshamaliza uchambuzi: jicho lile ni la wale watu wa chama cha siri, wanaotajirika kwa njia ambazo hazisemwi. Kwamba dada yangu anapika kwa kuni na kiatu chake kimoja kimeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, hilo halikumzuia mtu. Wapo waliosema ndiyo ujanja wenyewe.

Viongozi wakaamua. Ukuta upakwe rangi kabla msalaba haujamaliza mzunguko. Usipopakwa, msalaba utaipita nyumba ya Dada.

"Hatumfukuzi mtu," mwenyekiti alisema. "Msalaba utapita tu."

Aliyesema hivyo ni mzee mpole, mstaafu wa ghala la mahindi, mtu wa kukagua kitu mara mbili, na ndiyo maana maneno yake yalitisha. Dada ana miaka sitini na minne. Watoto wake wako Mbeya na Dodoma. Jumuiya ndiyo inayokuja na sufuria kubwa msibani, ndiyo inayolala na mwili na kuimba, ndiyo inayomwambia paroko kwamba huyu alikuwa wetu. Msalaba ukizoea kulipita geti la mtu akiwa mzima, siku ya siku utalipita vilevile. Hakuna aliyemwambia Dada hayo kwa mdomo. Wakikutana naye walimuuliza tu habari za kuni.

Hakuficha kwamba anautaka msalaba. Alinipigia simu, na si kawaida yake.

"Wameniita Jumamosi nieleze picha," akasema. "Njoo ukae karibu yangu."

Naomba msomaji azingatie maneno yake. Alisema nikae.

Kikao kilikuwa barazani kwa mwenyekiti, baada ya sala. Kulikuwa na baridi ile ya Songea ya mwezi wa sita, inayomfanya kila mtu aonekane amekosewa. Walikuwepo mwenyekiti, katibu, ambaye ni mama mwenye duka la madaftari na huandika kila kitu kwa kuwa hana shida ya karatasi, na bibi mmoja wa Kimatengo aliyeletwa na mwanawe kutoka vijiji vya Mbinga aje kuishi naye, kwenye nyumba inayotangulia ya Dada. Bibi huyo haoni vizuri, na alikuja, nadhani, kwa ajili ya jua. Niliwaamkia wazee shikamoo, nikaketi karibu na Dada kama nilivyoagizwa.

"Mama, hatutaki ugomvi," mwenyekiti akaanza. "Tunataka maana. Ile picha maana yake nini?"

"Nimechora," akasema Dada.

"Ndiyo, umechora. Maana?"

"Nimechora mlima."

"Mlima gani? Matogoro?"

"Matogoro ungekuwa umekaa chini."

Ningeliacha jibu hilo likakaa, mambo yangekwenda kwa njia yake. Lakini nikakohoa. Ni kikohozi fulani nilichojifunza chuoni, cha mtu anayekaribia kuwasaidia wengine. Kisha nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame.

Nilianza na neno "kimsingi". Nikasema mlima ni akili ya mwanadamu iliyong'olewa kutoka kwenye msingi wake. Nikasema mashimo ni utupu, ule utupu wa mtu wa leo. Mwanamke asiye na uso ni nafsi iliyopoteza utambulisho. Mahindi yaliyoelekea chini ni mpangilio wa dunia uliopinduliwa. Cherehani yenye miguu nikaipa historia nzima ya ukoloni, na dagaa nikawapa uchumi. Nilikuwa mzuri sana. Nakumbuka nikijisikiliza.

"Pole pole, kaka," akasema katibu, kalamu ikikimbia. "Utupu wa nani?"

"Wa mwanadamu."

"Akiwemo yeye?"

"Kwa namna fulani, sote."

Akaandika, akitamka kwa sauti ya chini: "A-ki-we-mo yeye."

"Na lile jicho?" akauliza mwenyekiti.

"Jicho ni ufahamu. Linatutazama sisi tunaotazama."

"Linatutazama tukiwa tunasali."

"Kiishara, mzee."

"Lakini linatutazama."

"Kiishara."

Mwenyekiti akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, msomi. Umetusaidia. Sisi tulikuwa na wasiwasi tu. Sasa tuna maelezo."

Tulirudi kwa miguu. Dada alitembea mbele, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama rula aliyokuwa akipimia marinda. Tulipofika getini akageuka.

"Nani kakwambia nafsi yangu imepotea?"

"Dada, ile ni lugha ya uhakiki."

"Imepotelea wapi? Maana mimi naiona kila asubuhi. Inachemsha chai."

"Nilitaka kukusaidia. Wewe mbona hukusema chochote?"

"Nilisema. Nilisema nimechora mlima." Alifungua geti, akasimama katikati yake ili nisipite. "Mlongo wangu, ndugu yangu, nimeshona sare umri wangu wote. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza sketi ina maana gani. Waliivaa. Ukuta wangu haufanyi mtihani. Nikianza kujibu leo kwamba jicho ni kitu fulani, kesho wataniuliza kwa nini nyanya zangu zimeota upande ule. Sijibu."

"Na msalaba ukipita?"

Aliangalia barabara, upande wa bomba la maji.

"Ninautaka," akasema. "Lakini siununui."

Msalaba ulianza kusogea. Kila Jumamosi nyumba moja. Mimi nakaa Ruhuwiko, lakini nilijua ulipo kama mtu anavyojua tarehe ya kurudi hospitalini. Ulipobakisha nyumba nne, mwenyekiti alinisimamisha nje ya kanisa. Alikuwa na huruma ya kweli, na huruma ndiyo iliyoniangusha. "Wewe ndiye mdomo wake," akasema. "Mletee rangi tu. Nyeupe. Mpake pamoja mchana mmoja, na haya yaishe."

Niliwazia msiba wa dada yangu. Nilijiona peke yangu uani, na mwiko mkubwa, nikisonga ugali wa watu mia, mimi ambaye hata uji wangu una mabonge. Nikakata tamaa kwa niaba yake. Nikaenda Lizaboni nikanunua ndoo ya rangi nyeupe ya maji, nikapanda bodaboda nikiwa nimeibana kwa magoti.

"Unajenga, mzee?" akauliza dereva.

"Nasuluhisha," nikasema.

Dada aliipokea ndoo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeandaa hotuba, fupi safari hii, kuhusu hekima ya kurudi nyuma hatua moja. Haikuhitajika. Alifungua kifuniko kwa mpini wa kijiko, akanusa, akachovya kidole.

"Ya ndani au ya nje?"

"Muuzaji amesema inafaa kote."

"Vizuri sana. Nyeupe ilikuwa imeniishia."

Alinipa makande, na nikala sahani mbili kwa furaha ya mtu aliyeaminiwa. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba Dada ni mgumu lakini akisemeshwa vizuri anaelewa. Mke wangu alinitazama kwa muda mrefu. Anamjua Dada.

Msalaba ulipofika nyumba ya bibi wa Kimatengo, yaani ile ya kabla ya Dada, nilikwenda siku ya Alhamisi kuona kazi ya rangi yangu. Kutoka kona ya barabara niliona watu wamesimama mbele ya nyumba, wengine na ndoo za maji kichwani. Nikadhani kuna jambo baya.

Ukuta wa mbele ulikuwa mweupe wote. Ukuta wa nje, unaotazamana na barabara. Na juu ya weupe ule, kwa safu moja, kutoka pembe hadi pembe, nyumba zilikuwa zinatembea.

Zilikuwa nyumba za mtaa. Kila moja na bati lake, na geti lake, na ufa wake. Niliitambua ya mwenyekiti kwa lile tangi jeusi la maji, na ya katibu kwa mlango wa bluu. Zote zilikuwa na miguu. Nyingine miguu ya ndege, nyingine ya binadamu waliovaa ndala, moja ilikuwa na miguu ya meza. Kila dirisha lilikuwa na mshumaa. Na nyumba zote zilishika uzi mmoja wa njano, kama watoto wanaovushwa barabara, na uzi ule ulipita kwenye nyumba ya Dada iliyokuwa mahali pake, ya kumi na moja, ukaendelea, na mwisho wake ukapanda ukuta na kuingia sebuleni kupitia dirishani. Nilichungulia ndani. Mlima ulikuwapo. Jicho lilikuwapo. Uzi ulikwenda mpaka kwenye sindano.

Ulimi wangu ulianza kuwasha. Uzi unaowafunga wote, mlima unaoshikiliwa na mtaa mzima! Nilikuwa tayari nimefika "kimsingi". Dada, aliyekuwa juu ya kigoda na brashi mdomoni, alinitazama mara moja tu, na nikaumeza.

"Mama, kwa nini yangu umeipa miguu ya bata?" alikuwa akilalamika mama mmoja.

"Iko karibu na bomba. Pale kuna maji."

"Na mimi ukaniweka kwenye foleni ya rozari?" Huyu alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mama muuza korosho kutoka Tunduru, Mwislamu, anayecheka kabla hajasema. Nyumba yake ilikuwa imefuata nyuma kidogo, imebeba kikapu. "Astaghfirullah, wakiniona kwetu watasema nini?"

"Sikukuweka kwenye rozari. Nimekuweka mtaani."

"Basi nirekebishie bati. Langu halina kutu hivyo."

"Lina kutu, shoga."

"Lina kutu kidogo!"

Mwenyekiti alikuja jioni ile, kofia mkononi. Alisimama mbele ya ukuta kama anavyosimama mtu wa ghala mbele ya shehena. Alihesabu kwa kidole. Alihesabu tena kutoka upande wa pili. Alipofika kwenye nyumba yake alisogea karibu, akaona ina miguu miwili ya suruali iliyopigwa pasi, na viatu vyeusi vimefungwa kamba.

"Hivi ni vya kanisani," akasema polepole.

"Ndivyo."

"Na uzi huu unatoka wapi?"

"Ndani."

"Kwa hiyo ni wa ule mlima."

"Ingia uone mwanzo wake, mzee."

Hakuingia. Alimwambia katibu, aliyekuwa amefika naye, kwamba huenda na hii itabidi ifutwe. Katibu alikuwa ameinama anaangalia mlango wake wa bluu. Dada alikuwa amemchorea hata kile kibao kidogo cha "Karibu", na ua kwenye mkebe wa maziwa.

"Yote?" akauliza katibu. "Na yangu?"

Kwa mara ya kwanza hakuwa na daftari mkononi.

Jumamosi niliamka mapema kuliko jogoo wa jirani, nikaenda kusali na jumuiya isiyo yangu. Nyumba ya bibi wa Kimatengo ilikuwa imejaa. Dada alikaa mstari wa pili, kitambaa cheupe kichwani, amevaa gauni alilojishonea siku za macho mazuri. Walisali rozari, wakasoma Injili, wakafikia matangazo. Kila mtu alijua tangazo. Msalaba ulikuwa juu ya meza, na bibi, ambaye mwanawe alikuwa safarini, ndiye aliyepaswa kuubeba.

Mwenyekiti alisimama. "Wiki ijayo," akasema, huku akiangalia sakafu, "msalaba utaelekea nyumba ya..." Akataja familia iliyo baada ya Dada.

Dada akasimama.

"Nyumba inayofuata ni yangu."

"Mama, tulishakubaliana."

"Nyinyi mlikubaliana."

"Umefuta ule ukuta?"

"Sijafuta."

"Basi, mama..."

"Na sitafuta." Hakupaza sauti. Aliisema kama vipimo: kiuno kiasi hiki, urefu kiasi hiki. "Nimesali na nyinyi tangu mtaa huu una nyumba sita. Nimewashonea watoto wenu nguo za komunyo. Nimepika kwenye misiba yenu. Kama nyumba yangu ina shetani, njooni na msalaba mmtoe, si ndiyo kazi yake? Kama haina, njooni tusali. Lakini mkitaka kupita, mpite mchana, na mimi nitakuwa getini nawaangalia mmoja mmoja. Nyumba inayofuata ni yangu."

Mtu fulani nyuma akasema, "Msomi si yupo? Aseme yeye. Si ndiye alituambia utupu?"

Vichwa vikanigeukia. Kikohozi kilipanda chenyewe, nikakirudisha. Nilibaki nimekaa, kama nilivyoagizwa tangu mwanzo.

"Yale yalikuwa yangu, si yake," nikasema. "Sikujua nilichokuwa nasema. Naomba yafutwe kwenye daftari."

"Niliandika kwa wino," akasema katibu, na sikuweza kujua kama ananilaumu au ananipa pole.

Wakati huo bibi alikuwa ameshanyanyuka. Aliuchukua msalaba, akaukumbatia kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzie, akatoka nje. Tukamfuata, kwa sababu hatukuwa na la kufanya, na kwa sababu mmoja wa akina mama alishaanza wimbo. Bibi alifika kwenye geti la Dada, akakata kona kulia.

"Bibi! Siyo hapo!" mwenyekiti akaita.

"Ni hapa."

"Ni nyumba ya mbele, bibi."

"Miguu yangu inajua zamu, mwenyekiti. Macho tu ndiyo yamechoka." Na hakupunguza mwendo. Akapanda ngazi mbili za Dada, akaingia sebuleni, akaweka msalaba juu ya meza iliyokuwa imetandikwa kitambaa cha kufuma tangu jana yake.

Wimbo ukafa mmoja mmoja. Tulisongamana mlangoni. Bibi alikuwa amesogelea ukuta mpaka pua yake inagusa rangi, anapapasa yale mashimo kwa vidole.

"Ngoro," akasema.

Nilijihisi mjinga kuanzia miguuni kwenda juu. Ngoro ni kilimo cha Wamatengo: mlimani, kwenye mteremko mkali, wanalaza nyasi kwa miraba, wanazifunika udongo, na katikati ya kila mraba wanaacha shimo la kushika maji ya mvua. Nimeipita barabara ya Mbinga mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ukiwa mbali, milima ile imejaa mashimo, safu kwa safu. Ndiyo niliyoiita utupu wa mwanadamu wa leo. Kuzunguka utupu ule kulikuwa na maharage.

"Lakini umechimba vibaya," bibi akaendelea kumwambia Dada. "Hizi safu zimepinda. Mvua ikija, udongo wote unaondoka."

"Bibi, mlima huo unaelea," akasema Dada. "Udongo utaondoka uende wapi?"

Bibi akafikiri. "Hata hivyo," akasema. "Zimepinda."

Mtu akacheka, nadhani ni muuza korosho, aliyekuwa dirishani bila kualikwa. Nilimuuliza Dada baadaye kama kweli ni ngoro. Akasema bibi ameona ngoro, na bibi ana macho yake. Zaidi ya hapo hakusema, na sijauliza tena.

Mwenyekiti alibaki kizingitini. Aliangalia msalaba mezani, akaangalia jicho, akaangalia msalaba. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha kanuni. Aliilinda yeye mwenyewe miaka yote.

"Umeshaingia," akasema.

"Umeshaingia," akaitikia Dada. "Chai ipo."

Jumamosi iliyofuata walisali pale. Si wote, nyumba mbili hazikuja, na mama mmoja alisali rozari nzima akiwa amefumba macho, akihesabu kwa kidole ni fumbo la ngapi. Mwenyekiti aliongoza sala akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mgongo kwa mlima. Chai ilinywewa. Baada ya hapo Dada akaubeba msalaba kwenda nyumba ya mbele, akapita nao mbele ya ukuta wake wa nje, taratibu kuliko ilivyohitajika.

Jambo halijaisha. Viongozi wameandika barua kwa paroko, na maelezo yangu ya kile kikao yameambatanishwa, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri wa katibu. Paroko bado hajaja. Dada amesema akija atamkaribisha, na hatamweleza kitu. Mzunguko mpya umeanza kutoka bomba la maji, na kuna wanaosema safari hii msalaba utapita kweli. Dada ameniagiza ndoo nyingine, ya bluu, kwa sababu ukuta wa ubavuni bado uko wazi.

Nilipompelekea nilizunguka tena kuangalia nyumba zile. Mwishoni kabisa mwa safu, nyuma ya muuza korosho, kulikuwa na kitu ambacho siku ya kwanza sikukiona. Ni redio. Ya zamani, kubwa, yenye miwani kama yangu. Ina miguu mifupi na inakimbia ili isiachwe, na imefungwa kamba kuzunguka spika, mafundo mawili.

"Dada, na hii?"

"Hiyo nini?"

"Hii redio. Ina maana gani?"

Alichovya brashi kwenye bluu, akapanda ngazi, akaanza kazi.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema.

Watu wawili barabarani walisimama kusikiliza jibu langu. Nikashika ngazi ili asianguke.